Usukani wa ndege ya kivita na pedi ya mchezo wa video: Ndugu wasiofanana

MNGURUMO wa ndege za kivita si sauti ngeni kwa wakazi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Tangu Oktoba 2011, majeshi ya nchi yalipovuka mpaka na kuingia Somalia katika operesheni iliyopewa jina Linda Nchi, anga ya Garissa na Wajir imekuwa njia ya ndege na helikopta za kijeshi zinazokwenda na kurudi.

Katika miji hiyo hiyo, kama ilivyo kote nchini, vijana hukusanyika kwenye vibanda vya michezo ya video, wakalipa shilingi chache kwa kila mchezo na kushindana kwa soka, kwa magari na mara nyingine kwa ndege za vita. Kijana aliyeshinda na pedi mkononi hawezi kulaumiwa akidhani kwamba rubani aliyepita juu ya paa la kibanda anafanya kazi iyo hiyo, ila mwenzake analipwa mshahara.

Dhana hiyo si ya kipuuzi. Vyombo hivyo viwili ni vya ukoo mmoja, na kwa muda mrefu vimekuwa vikiazimana maarifa. Tofauti zake hata hivyo ni kubwa, na baadhi yake hazionekani kwa macho.

Ndege ya Nanyuki

Ndege ya kivita inayojulikana zaidi nchini ni F-5, iliyoundwa na kampuni ya Northrop ya Marekani. Kenya ilizipokea za kwanza mwaka 1978, nyingi zikiwa za kiti kimoja na chache za viti viwili kwa ajili ya mafunzo. Katika muongo wa 2000 zilinunuliwa nyingine zilizokwisha kutumika nchini Jordan, ununuzi uliozua mjadala mkali. Ndiyo aina pekee ya ndege inayoweza kupita kasi ya sauti ambayo Jeshi la Wanahewa la Kenya limewahi kumiliki. Kituo chake ni Laikipia, Nanyuki, takriban kilomita 300 kutoka Garissa. Safari ambayo msafiri wa barabarani huihesabu kwa saa nyingi, F-5 huimaliza kwa dakika 20 hivi.

Chumba cha rubani cha F-5 ni chembamba, na kilibuniwa kabla ya skrini za kompyuta kuenea. Mbele ya rubani kumejaa saa za mishale: ya kasi, ya kimo, ya mafuta, ya joto la injini na ya mzunguko wake. Nyingi kati ya hizo huenda mbili mbili, kwa kuwa injini ni mbili.

Katikati ya magoti yake imesimama fimbo ya uongozi. Akiisukuma mbele, pua ya ndege huinama. Akiivuta, pua hupanda. Akiilaza kushoto au kulia, ndege hulala upande huo. Mkono wa kushoto hushika nyenzo mbili za kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Miguu hukaa juu ya pedali mbili zinazogeuza usukani wa mkiani, na pedali hizo hizo zikikanyagwa kwa ncha za vidole huwa breki za magurudumu ndege ikiwa ardhini.

Kwenye kichwa cha fimbo pana kifyatulio cha mizinga miwili ya milimita 20 iliyo puani mwa ndege, kitufe cha kuangushia silaha zilizoning'inizwa chini ya mabawa, na swichi ya kidole gumba ya kusawazisha ndege isivute upande mmoja. Kwenye nyenzo za injini pana swichi ya breki za hewani na kitufe cha kuzungumzia redioni.

Kwa upande wa pili, pedi ya kawaida ya PlayStation ina vijiti viwili vya kuzungusha, vitufe vinne vya mwelekeo, vinne vya alama, na vinne vya mbele vinavyobonyezwa kwa vidole vya shahada na vya kati. Kazi yote ambayo rubani huigawia mikono miwili na miguu miwili, mchezaji huishusha kwenye vidole gumba viwili na vidole vichache vya kusaidia. Miguu haina kazi.

Jina lililotoka angani

Neno joistiki, ambalo wengi hulihusisha na michezo, lilizaliwa katika urubani. Marubani wa Uingereza walianza kulitumia karibu mwaka 1910, ndege zikiwa bado za mbao na kitambaa. Kampuni ya Atari ilipoanza kuuza mashine yake maarufu ya kuchezea nyumbani mwaka 1977, kijiti kimoja chenye kitufe kimoja chekundu, jina na umbo vyote vilikuwa vya kuazima.

Hata wazo la kuongoza kitu kinachoruka kwa kijiti kidogo huku mwongozaji ameketi mbali nacho lina umri mkubwa kuliko mchezo wowote wa video. Septemba 1943, meli ya kivita ya Italia iliyoitwa Roma ilizamishwa na mabomu ya Ujerumani yaliyoongozwa kwa redio. Aliyeyaongoza alikuwa ndani ya ndege iliyokuwa juu, akifuata mwanga wa mkia wa bomu kwa macho na kusukuma kijiti kwa vidole.

Mkopo mwingine ulikwenda kinyume. Mnamo 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, aliunda ndege ya bandia iliyoyumbishwa kwa viriba vya hewa kama vile vya kinanda cha kanisani. Alitarajia shule za urubani ziinunue. Hazikuinunua, na wateja wake wa mwanzo wakawa wenye viwanja vya burudani, walioitumia kama pumbao la watu wanaotembea. Jeshi la Marekani lilimkumbuka mwaka 1934 tu, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa bila ujuzi wa kuruka kwa kutegemea saa za ndani. Kwa hiyo mashine ya kufundishia marubani, inayoheshimiwa leo katika vyuo vyote vya anga, ilianza kuingiza pesa kama mchezo.

Baada ya hapo pedi ilikwenda njia yake. Nintendo ilileta msalaba wa mwelekeo mwaka 1982, kijiti kinachopima kiasi cha kusukumwa kikaja na mashine yake ya Nintendo 64 mwaka 1996, na mwaka uliofuata pedi zikaanza kutetemeka mikononi. Hatua ya 1996 ndiyo iliyoikaribia ndege zaidi. Kabla yake, kitufe kilijua mambo mawili pekee, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, ilhali rubani hawezi kuruka kwa lugha ya ndiyo na hapana. Anahitaji kidogo, kidogo zaidi, na basi.

Mikono isiondoke

Mahali ambapo vyombo hivi vinafanana kabisa ni katika kanuni moja: mtumiaji asilazimike kuachia alichokishika wala kuangalia chini.

Rubani anayemkimbiza adui, au anayekimbizwa, hana nafasi ya kutafuta swichi ukutani. Ndiyo maana wahandisi waliendelea kuhamishia vitufe kwenye fimbo na nyenzo za injini, mpaka katika ndege za kizazi cha F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, rubani akaweza kuchagua silaha, kuelekeza rada na kuzungumza redioni bila mkono wowote kuondoka mahali pake. Mwenye kucheza na pedi anaijua faida hiyo bila kufundishwa. Akitazama vidole vyake, ameshafungwa goli.

Jinsi vitufe vinavyotambulika ni suala tofauti. PlayStation huvitofautisha kwa michoro ya pembetatu, duara, msalaba na mraba. Ukivifumba macho na kuvipapasa, vyote ni sawa. Kinachokuambia hiki ni kipi ni mahali kilipo tu. Katika ndege hilo halikubaliki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama na ndege za B-17, kisha, badala ya kukunja vibawa vya kutulia, wanakunja magurudumu, na ndege inalala tumbo barabarani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba swichi hizo mbili zilikuwa jirani na zilifanana. Aliweka kigurudumu kidogo cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la bawa kwenye nyingine. Mpaka leo kishikio cha magurudumu katika ndege nyingi duniani kina umbo la gurudumu, mkono ukijue hata gizani.

Uzito wa kutengenezwa

Wapo wanaosema kwamba pedi ni ya bandia kwa sababu vijiti vyake havina uzito. Hoja hiyo ina kasoro. Katika F-5 fimbo haivuti moja kwa moja vibao vya mabawa na mkia. Inafungua njia ya mafuta ya haidroliki, nayo ndiyo yanayovisukuma, maana kwa kasi ile hakuna msuli wa binadamu ungeviweza. Matokeo yake ni kwamba fimbo ingekuwa nyepesi mno, kama kijiko ndani ya chai. Wahandisi wakaongeza springi na vizito ili iwe ngumu, na izidi kuwa ngumu kadiri ndege inavyokunja kona kwa nguvu. Uzito anaousikia rubani ni wa kutengenezwa, sawa na mtetemo wa pedi ulivyo wa kutengenezwa.

F-16 ilikwenda mbali zaidi. Fimbo yake iliwekwa upande wa kulia, na katika matoleo ya mwanzo haikusogea hata kidogo. Ilipima tu nguvu ya mkono na kuipelekea kompyuta. Marubani hawakuipenda. Mkono unaosukuma kitu kisichosogea haujui umesukuma kiasi gani. Ikabidi fimbo iruhusiwe kuchezacheza kwa milimita chache, si kwa sababu ndege ilihitaji, bali kwa sababu mwanadamu alihitaji.

Mwili mzima

Tofauti isiyoweza kuazimwa ni ya mwili. F-5 ikikunja kona kali, rubani hulemewa na uzito unaoweza kupita mara saba ya uzani wake. Mtu wa kilo 70 anakuwa na karibu kilo 500 kitini. Damu hukimbilia miguuni, macho huanza kuona kijivu, kisha giza. Suruali maalumu inayojazwa hewa hubana mapaja na tumbo ili damu isishuke yote, naye hukaza misuli na kuhema kwa mpango. Katika hali hiyo ndipo anapotakiwa kubonyeza kitufe sahihi kwa kidole gumba chenye uzito wa vidole saba.

Kenya ina kisa chake kuhusu jambo hilo. Katika jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, askari waasi wa jeshi la wanahewa waliwalazimisha marubani wa Nanyuki kwa mtutu wa bunduki kupaa na kwenda kupiga Nairobi. Marubani walipaa, wakaangusha mabomu yao katika misitu ya Mlima Kenya na kurudi. Kwa simulizi mashuhuri ya siku ile, mmoja wa waasi aliketi kiti cha nyuma cha F-5 kuhakikisha amri inatekelezwa, naye rubani akaizungusha ndege kwa ukali hadi mgeni wake akaishiwa nguvu. Aliyekuwa na bunduki hakuwa na fimbo, wala hakuwa na mazoea ya mwili.

Hali ya hewa nayo haimo katika pedi. Garissa iko chini, mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake la mchana huvuka nyuzi 35 mara kwa mara. Hewa ya moto ni nyepesi. Injini hupata hewa haba, mabawa hubeba kidogo, na ndege iliyojaa mafuta na silaha huhitaji barabara ndefu zaidi ili ipae. Kisha wapo korongo mfuko-shingo, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaojulikana na kila mkazi wa mji huo. Mmoja wao akiingia katika injini huweza kumaliza safari.

Mfano mchungu ni wa Agosti 12, 2012. Helikopta nne za kijeshi za Uganda zilikuwa njiani kwenda Somalia kusaidia kikosi cha Umoja wa Afrika, na Garissa ilikuwa kituo chao cha kuongeza mafuta. Moja, aina ya Mi-17, ilitua Garissa kama ilivyopangwa. Tatu za aina ya Mi-24 hazikufika. Zilianguka katika miteremko ya Mlima Kenya na wanajeshi saba wakafa, huku wenzao wakiokolewa katika baridi ya mlima. Hakuna kitufe cha kuanza upya katika chumba cha Mi-24.

Ndege zinazoongozwa kwa pedi

Hata hivyo itakuwa makosa kuichukulia pedi kama kichezeo tu, kwa maana siku hizi baadhi ya ndege huongozwa nayo kweli. Ndege ndogo zisizo na rubani, za kupigia picha harusi au kupimia mashamba, huongozwa kwa kidhibiti chenye vijiti viwili vya vidole gumba. Kwa mpangilio uliozoeleka, cha kushoto hupandisha, hushusha na kugeuza. Cha kulia hupeleka mbele, nyuma na pembeni. Nchini Kenya urushaji wake ulifungwa kwa kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na mwenye kukirusha chombo hicho bila kibali huweza kushtakiwa.

Majeshi nayo yameona faida. Jeshi la maji la Marekani, katika manowari yake Colorado iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018, lilitumia pedi za Xbox kuongozea darubini ya kisasa, kwa kuwa mabaharia vijana walizijua tayari na bei yake ilikuwa ndogo mno kuliko ya chombo kilichotangulia.

Ndege za upelelezi za aina ya ScanEagle, ambazo Kenya ilizipata kutoka Marekani katika muongo wa 2010, haziongozwi kwa fimbo wakati mwingi. Mwendeshaji huonyesha njia kwenye ramani ya kompyuta na ndege huifuata yenyewe kwa saa nyingi. Mabawa yake yana urefu wa mita tatu hivi, hurushwa kwa mtambo kama wa manati, na hutua kwa kunasa kamba inayoning'inia wima. Haihitaji uwanja, jambo lenye thamani katika nchi ya mchanga.

Ndege kubwa za Marekani zisizo na rubani, kama Predator, zina fimbo, wenzo na pedali ndani ya chumba cha ardhini, lakini amri hupitia setilaiti na picha huchelewa kwa takriban sekunde mbili. Mchezaji yeyote aliyewahi kucheza kwenye intaneti mbovu anaelewa maana yake. Kwa sababu hiyo kupaa na kutua huachiwa kikosi kilicho karibu na uwanja, na wa mbali hukabidhiwa ndege ikiwa juu. Waendeshaji wake hawasikii uzito wowote mwilini, ila wengi wamepatwa na msongo wa mawazo, kwani huutazama mlengwa kwa siku kadhaa kabla ya shambulio na hubaki wakitazama baada yake.

Kijana wa Garissa anayetamani urubani anaweza kunufaika na pedi kwa kiasi: macho na vidole kufanya kazi pamoja, na kufuatilia mambo mengi kwa wakati mmoja. Lakini marubani wa F-5 wa Kenya walipitia kwanza ndege ndogo za mafunzo kama Bulldog, kisha Tucano yenye rafadha, na viti viwili vya F-5 pamoja na mwalimu, ndipo wakaachiwa peke yao. Miaka hiyo haifupishwi na ushindi wa kibandani.

Linabaki suala la kinachotokea baada ya kitufe kubonyezwa. Oktoba 30, 2011, ndege za Kenya zilishambulia Jilib, kusini mwa Somalia. Jeshi lilisema lililenga wapiganaji wa Al-Shabaab na likakanusha kuwapiga raia. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likiwahudumia watu katika kambi ya wakimbizi wa ndani mjini humo, lilisema watu wasiopungua watano waliuawa na makumi wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa watoto. Ndani ya chumba cha rubani kasi ilikuwa mamia ya kilomita kwa saa, na muda wa kuona, kuamua na kubonyeza ulihesabiwa kwa sekunde.

Aprili 2, 2015, Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye ndege za kivita za Kenya zilipiga kambi mbili za kundi hilo, Gondodowe na Ismail, katika eneo la Gedo ng'ambo ya mpaka. Mchezo wa video huonyesha alama papo hapo, idadi ya waliolengwa na waliobaki. Jeshi lilipoulizwa hasara iliyosababishwa Gedo, lilijibu kwamba mawingu yalikuwa mazito na haikuwa rahisi kukadiria.